Mchanga Ndani ya Kopo Jekundu

Jumamosi iliyopita nilifanywa mwamuzi bila kuomba. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Bagamoyo, kusi inavuma, nimeegemea ukuta, mara watoto wa mtaa wakaja mbio. "Shikamoo Babu! Njoo utuamulie, watu wanataka kupigana huku."

Nikachukua bakora yangu nikawafuata.

Walikuwa na mashindano ya magari. Magari sita, yote ya kujitengenezea: makopo ya maziwa ya unga, madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa ubavu, magurudumu ya kandambili zilizochongwa duara, ekseli za spoku za baiskeli. Kijana mmoja alikuwa amebahatika kupata beringi nne kuukuu kwa fundi pikipiki, na gari lake lilikuwa likilia kama cherehani. Njia yao ilikuwa kile kimteremko kinachotoka kwenye nyumba za zamani kwenda ufukweni. Kanuni walikuwa wameziandika kwa mkaa kwenye kipande cha mbao. Ya kwanza, gari ulitengeneze mwenyewe. Ya pili, usilisukume, uliachie tu. Ya tatu, litakalogusa mchanga wa pwani kwanza ndilo limeshinda.

Kopo jekundu lilikuwa limeshinda mara tatu mfululizo. Lilikuwa la binti wa darasa la sita, mkimya, ambaye mpaka siku hiyo nilimjua kwa kupita na ndoo ya maji asubuhi. Baada ya ushindi wa tatu, mwenye beringi akaliinua lile kopo, akastaajabu uzito wake. Akafungua kifuniko cha kadibodi. Ndani mlikuwa na mchanga wa pwani, mbichi, umeshindiliwa mpaka juu.

"Ameweka mzigo! Si haki!"

Binti hakuondoka pale aliposimama. "Nani amekataza? Someni wenyewe."

Wakasoma. Nami nikasoma. Hapakuwa na neno lolote juu ya mzigo. Kisha binti akawapiga kwa methali ambayo sisi wazee ndio tuliomfundisha: "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Wote wakanigeukia mimi.

Nawaeleza na ninyi msomao kama nilivyowaeleza wao. Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikawaambia wakae chini kivulini, kwa sababu swali lile limewahi kuwakosesha usingizi watu wazima wenye viwanda, mawakili na mamilioni ya fedha. Hii haikuwa hadithi ya paukwa pakawa. Ilikuwa habari ya mambo yaliyotokea, na mengine yalitokea katika barabara za nchi zetu wenyewe.

Nikaanza na mwaka 1953. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, na mashindano ya magari yakaanzishwa ili kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara za kila siku, zenye tope na vumbi, zenye ng'ombe wanaovuka na malori yanayokuja mbele yako. Baadaye yakaja kuitwa Safari Rally. Kanuni yake kubwa ilikuwa nyepesi. Kutoka kituo hiki mpaka kile umepewa muda wako. Ukichelewa dakika moja, unaandikiwa dakika moja ya adhabu. Ukichelewa saa nzima, unaandikiwa 60. Mwisho wa safari, mwenye dakika chache ndiye bingwa.

Walioyaanzisha walikuwa wamejiuliza swali lenu hilihili: je, gari la mtu mwenye fedha na gari la mtu wa kawaida yashindane vipi bila uonevu? Mwaka ule wa kwanza waliyagawa magari katika makundi kwa kufuata bei yake dukani. Hawakutazama ukubwa wa injini kama wengine wafanyavyo. La bei ndogo lilishindana na la bei ndogo mwenzake. Wazo hilo nalipenda mpaka leo. Mtu aliyeliandika alikuwa anafikiria mifuko ya watu kabla ya kufikiria mbio.

Lakini barabara zenyewe hazikuuliza bei ya gari la mtu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Mvua ikanyesha, tope likashika, na yaliyorudi yalikuwa saba tu.

"Saba!" mwenye beringi akasema. "Hayo mengine?"

Yalibaki njiani, nikamwambia. Mengine yalizama, mengine yalivunjika, mengine yalichelewa kupita kiasi. Na hakuna aliyesema kwamba tope limeonea mtu.

Sasa mje mwaka 1973, kwa sababu hapo ndipo kanuni ilipoamua kila kitu. Madereva wawili wa timu moja ya Datsun walifika mwisho baada ya safari ya kilomita zipatazo 5,000. Mmoja ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyekuwa akiendeshea Kenya. Mwingine ni Harry Källström wa Sweden. Dakika zao zikahesabiwa. Mehta alikuwa na dakika 406 za adhabu. Källström alikuwa na dakika 406.

Watoto wakanyamaza kidogo. Kisha mdogo kuliko wote, ambaye gari lake lilikuwa limeng'oka gurudumu, akauliza, "Si wangerudia?"

Kilomita 5,000, mjukuu wangu? Watu hao walikuwa wamekesha siku kadhaa. Hapana. Palikuwa na kanuni iliyokwisha andikwa kabla ya gari la kwanza kuondoka: wakilingana, ashinde yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuandikiwa dakika yake ya kwanza ya adhabu. Yaani yule aliyebaki safi kwa umbali mrefu zaidi. Wakafungua vitabu, wakatazama, wakakuta ni Mehta. Ukawa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano katika Safari Rally.

Fikirini hapo. Gari la Mehta lilikuwa na injini ya lita 2.4, la Källström lita 1.8. Kama kanuni ingesema kwamba wakilingana ashinde mwenye injini ndogo, kombe lingekwenda Sweden, na hiyo nayo ingekuwa kanuni yenye maana kabisa. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Mehta ndiye hasa aliyekuwa bora siku hizo. Walilingana! Kilichofanya ushindi uwe halali ni kwamba kanuni ya kuwatenganisha iliandikwa wakati ambapo hakuna aliyejua itamnufaisha nani. Ingeandikwa jioni ile, baada ya hesabu, ingekuwa dhuluma hata kama maneno yake ni yaleyale.

"Basi mimi nimeshinda," binti wa kopo jekundu akasema upesi. "Kanuni zilikuwepo kabla, na mimi sikuvunja hata moja."

Akili ya mtoto huyu nairuhusu inisumbue. Nikamwambia asubiri, maana mchanga wake unaniletea habari ya farumi.

Nani anajua farumi? Hakuna aliyejua, na hilo lilinihuzunisha kwa mji ulioishi kwa majahazi. Farumi ni ule mzigo wa mchanga au mawe unaotiwa chini ya chombo kisicho na shehena ili kisipinduke. Jahazi tupu ni jepesi na lina kiherehere, upepo ukilipiga linalala ubavu. Kwa hiyo binti yetu hakuleta uchawi. Kopo tupu lilikuwa likirukaruka kwenye vijiwe vya mteremko na kupoteza mwendo. Lake lilitulia, likabeba kasi yake mpaka chini. Mabaharia wangemwelewa mara moja.

Mwaka 1984, katika mbio za langalanga, timu moja ya Uingereza iitwayo Tyrrell ilicheza na farumi kwa namna ya kinyume. Kule gari jepesi ndilo lenye faida, kwa hiyo kanuni iliweka uzito wa chini: usipungue kilo 540. Timu zenye fedha zilikuwa na injini za turbo zenye nguvu nyingi. Tyrrell walikuwa na injini ya kawaida. Wakafanya nini? Gari lao lilikuwa na tangi la maji. Karibu na mwisho wa mbio liliingia kwa mafundi kujazwa, na ndani ya maji yale mlikuwa na chembechembe nyingi za risasi, ile metali nzito wavuvi wanayotia kwenye nyavu. Gari likakimbia mbio karibu zote likiwa jepesi, likafika kwenye mizani likiwa zito. Huko Detroit, Marekani, dereva wao Martin Brundle alimaliza wa pili. Wakaguzi wakapima kilichomo tangini, na Tyrrell ikafutwa katika ubingwa wa mwaka mzima.

Wapo wanaoona adhabu ile ilizidi kosa, na kwamba timu kubwa zilifurahi mno kumwondoa mdogo. Huenda. Lakini tazameni wenyewe: kanuni ya kilo 540 iliwekwa ili magari yakimbie yakiwa na uzito unaokaribiana. Tyrrell walilipa uzito ule mizanini tu. Barabarani, wenzao walikuwa wakibeba na wao hawabebi.

"Mimi nimebeba njia nzima," binti akasema.

Kweli. Umebeba. Nikamwandikia alama moja kichwani mwangu.

Hapo mwenye beringi akaja na hoja nzuri, na ninamsifu kwa sababu alikuwa na hasira lakini bado anafikiri. "Lakini Babu, alifunika. Kwa nini aliweka kadibodi juu kama hakuwa anaficha?"

"Niliziba usimwagike."

Yote mawili yanawezekana, si ndiyo? Kifuniko kimoja, sababu mbili. Nikawapa habari ya gari la feni.

Mwaka 1978 alikuwepo mhandisi aitwaye Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, akifanya kazi na timu ya langalanga iitwayo Brabham. Wakati huo kanuni ilikuwa imekataza kifaa kinachosogea ambacho kazi yake ni kulibana gari chini kwa hewa. Gari likibanwa chini hushika barabara vizuri na kupiga kona kwa kasi. Murray akaweka feni kubwa nyuma ya gari. Feni inazunguka, kwa hiyo inasogea. Inavuta hewa kutoka chini ya gari na kulifanya lishike barabara kama pweza alivyoshika mwamba. Wenzake wakalalamika. Timu ikajibu: feni hii kazi yake kuu ni kupoza injini. Na ni kweli, ilikuwa inapoza injini! Wakapima, wakakuta sehemu kubwa ya hewa inakwenda kupoza. Gari likaingia mbioni huko Sweden, Niki Lauda akiliendesha, likashinda kwa tofauti ya zaidi ya nusu dakika.

Watoto walilipenda gari hilo, niliona machoni. Mimi pia nalipenda. Barabarani feni ile haikufichika: ilikaa nyuma hadharani, kila mtu anaiona. Aliisoma kanuni kwa makini kuliko walioiandika, akaona mwanya, akapita. Ushindi wa Sweden haukufutwa. Lakini gari lile halikushindana tena baada ya siku hiyo, na feni za namna hiyo zikakatazwa. Nadhani hivyo ndivyo inavyostahili: aliyepita kwenye mwanya mchana, wenzake wakiona, abaki na alichopata, na mwanya uzibwe kwa ajili ya mbio zinazofuata. Kumnyang'anya kwa kanuni inayotungwa baadaye ni kuwaambia watoto wote wenye akili waache kufikiri.

Lakini habari inayoniuma zaidi ni nyingine, na ili niieleze nilimtuma mmoja wao anunue dafu na mirija miwili.

Nikamwambia mdogo wetu anywe kwa mrija mmoja. Akanywa. Nikamwambia sasa atie miwili kinywani. Dafu likashuka mara mbili upesi. Basi injini ya gari ni kama mtoto mwenye kiu, isipokuwa kiu yake ni ya hewa. Ikipata hewa nyingi inachoma mafuta mengi, na nguvu inaongezeka. Katika mbio za dunia za magari ya rally, miaka ya 1990, magari ya turbo yalikuwa na nguvu ya kutisha, kwa hiyo kanuni ikasema kila injini ivute hewa kwa tundu moja lisilozidi milimita 34. Wote mrija sawa. Mshindi awe yule anayejua kuendesha na fundi anayejua kuunda.

Mwaka 1995 katika mbio za Catalunya, Hispania, wakaguzi walifungua Celica za timu ya Toyota. Toyota hiyo si ngeni kwetu. Celica zake zilikuwa zimetawala Safari Rally miaka ya karibuni. Juha Kankkunen wa Finland alishinda nazo mwaka 1991 na 1993, na Mkenya Ian Duncan akashinda mwaka 1994. Hata kiongozi wa timu hiyo, Ove Andersson wa Sweden, alikuwa ameishinda Safari akiwa dereva mwaka 1975. Ni watu walioheshimiwa.

Wakaguzi walikuta nini? Lile tundu la milimita 34 lilikuwepo, halali kabisa. Lakini mpira wa hewa ulipofungwa na kukazwa kwa klempu, sehemu ile ilisogea kidogo, ukafunguka upenyo wa milimita tano, na hewa ikapita kando ya tundu bila kupita ndani yake. Mrija wa pili! Na hapa sikilizeni vizuri. Mkaguzi anapofungua ule mpira ili apime, springi zilizofichwa ndani zilikuwa zinarudisha kila kitu mahali pake. Upenyo unajifunga. Mkaguzi anaona milimita 34, anaandika "sawa," anaondoka.

"Kama dereva anayefunga mkanda akimwona trafiki," mwenye beringi akasema.

Hivyohivyo. Ila huyu alijenga mkanda unaojifunga wenyewe.

Max Mosley, aliyekuwa rais wa shirikisho la dunia la magari, alisema hadharani kwamba katika miaka 30 ya mbio za magari hajawahi kuona kifaa cha ustadi namna ile. Namwamini. Fundi aliyekitengeneza alikuwa na mikono ya dhahabu. Ndiyo maana habari hii inaniuma. Ustadi ule wote, saa zile zote za kuchonga na kupima, zilitumika kumdanganya mtu mmoja mwenye rula. Feni ya Murray ilikuwa kwa ajili ya barabara. Springi za Toyota hazikuongeza hata punje ya mwendo. Kazi yake ilikuwa moja, kumfanya mkaguzi asione. Chombo kikiwa na kiungo ambacho hakina kazi yoyote ila kuficha, hapo hatuzungumzii tena mwanya.

Toyota ilinyang'anywa pointi za mwaka huo na kufungiwa mpaka mwisho wa mwaka 1996. Kankkunen alikuwa bado anawania ubingwa wa dunia. Hakuonekana kuwa na habari ya kifaa kile, na wala madereva wenzake, lakini pointi zake zilikwenda pamoja na za timu.

"Hiyo nayo si haki," binti akasema kwa sauti ya chini.

Sikumbishia. Ukiliacha tundu la uongo libaki, umewaonea waliopumua kwa mrija mmoja. Ukilifuta, umemwonea dereva aliyekaa nyuma ya usukani bila kujua. Sijaona mwamuzi aliyewahi kupata njia ya tatu, na nimelifikiria jambo hili miaka mingi.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa Msata, na mimi nilitaka kumaliza. Lakini mdogo wetu, ambaye alikuwa kimya tangu dafu liishe, akasema jambo lililonishika. "Babu, mimi sina beringi. Hata mchanga, kopo langu ni dogo, hauingii mwingi. Mimi nitashinda lini?"

Niliwahi kuona jambo hili kwa macho yangu. Miaka ya 1980 nilikuwa utingo wa lori la mizigo, tukivuka mpaka mara kwa mara kwenda Kenya, na wakati huo Safari ilikuwa imeshabaki Kenya peke yake. Pasaka moja tulisimama kando ya barabara kuangalia. Kwanza tulisikia helikopta. Ilikuja chini chini juu ya vumbi, na nyuma yake, sekunde chache, gari la kiwanda likapita kama limetupwa. Mle angani alikaa mtu wa timu mwenye redio, akimwambia dereva: ng'ombe mbele kushoto, lori linakuja, daraja lina maji. Baada ya muda mrefu likaja gari la mtu binafsi, limebonyea, taa moja imevunjika, dereva na msoma ramani wake wamepauka kwa vumbi kama waliomwagiwa unga. Hao hawakuwa na mtu angani. Kila kona waliingia wakiomba Mungu.

Kanuni ilivunjwa? Hapana. Helikopta ilikuwa halali. Tena tuseme ukweli wote: ilisaidia kuokoa maisha, kwa sababu barabara zile hazikufungwa, na mtoto mwenye mbuzi angeweza kuwa nyuma ya kona yoyote. Lakini pale barabarani nilijua kwamba magari yale mawili hayakuwa kwenye mbio moja, ingawa yote yalikuwa na namba mlangoni.

Ila msidhani fedha ilishinda siku zote. Kwa karibu miaka 20, tangu 1953 mpaka 1971, hakuna dereva hata mmoja wa kutoka ng'ambo aliyeishinda Safari. Walikuja na magari mazuri na mafundi wengi, wakashindwa na wakazi wa hapa wanaojua mvua ya Aprili inafanya nini kwenye udongo mweusi. Joginder Singh, fundi wa Kenya, alishinda mwaka 1965 na Volvo iliyokwisha tumika, nduguye Jaswant akiwa kando yake. Ilipofika 1972 ndipo Hannu Mikkola wa Finland akauvunja mwiko huo. Je, kuijua nchi yako ni upendeleo? Mgeni angeweza kulalamika hivyo. Mimi nasema ujuzi wa mtu ni mali yake halali. Lakini naelewa kwamba mwenye helikopta naye anaweza kuniambia, "Na fedha zangu je?"

Hapa mtoto wa kopo dogo ndipo aliponishinda. Kwa mwongo nina jibu, na kwa mwenye kupita kwenye mwanya nina jibu. Kwa yule asiyevunja chochote ila anacho na mwenzake hana, jibu langu ni lile la mwaka 1953 tu: kaeni pamoja kabla ya mbio, mtazame nani ana nini, ndipo muandike.

Nikamgeukia binti. "Nakuuliza jambo moja, na sitakugombeza. Wangekuuliza kabla ya kuachia gari, 'umetia nini humo ndani,' ungewaambia?"

Alikaa kimya muda mrefu. Alichora kitu mchangani kwa kidole cha mguu.

"Mara ya kwanza ningewaambia," akasema. "Mara ya tatu... nilikuwa naomba wasiulize."

Mwenye beringi alifungua kinywa aseme, kisha akakifunga. Nami niliona aibu kidogo, maana nimewajua watu wazima wenye vyeo ambao hawajawahi kulijibu swali hilo hivyo.

Basi nikaamua. Ushindi wa kwanza ni wake, hakuna wa kuugusa. Wa pili niliwaachia wenyewe, wakabishana, wakampa. Wa tatu aliukataa yeye mwenyewe kabla sijasema. Kisha akauliza, akiwa ameshika kopo lake kifuani, "Kwani tukisema magari yote yawe na uzito mmoja? Mwenye kopo dogo atie mawe, mwenye dumu apunguze."

"Tutapima na nini?"

"Sokoni. Kwa wauza samaki kuna mizani."

Wakasimama wote mara moja. Mwenye beringi alikuwa wa kwanza kuondoka, na mdogo wetu akamkimbilia akimwita. "Wewe! Kanuni ya kwanza inasema ulitengeneze mwenyewe. Beringi umetengeneza wewe?"

Kijana akasimama. Akazitazama beringi zake, akanitazama mimi. Nikatazama bahari.

Sokoni palikuwa na harufu ya dagaa na moshi wa makaa, mnada umekwisha, wauzaji wanaosha meza. Mama mmoja aliifuta mizani yake kwa kanga kuukuu, akatandika gazeti, akaliweka kopo jekundu juu. Sindano ikacheza, ikatulia. "Kilo moja na robo," akasema. "Mnauza?"

Hakuna aliyemjibu. Walikuwa wameinamia ile mbao yao, vichwa sita, wanabishana kuhusu kilo na gramu, na mmoja alikuwa amenyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akiomba mkaa.